Sheria haijataja jina, ila kila mtu anajua inamsema nani

Septemba 2024 kimbunga Helene kilipopiga milima ya North Carolina, rafiki yangu anayekaa Asheville alinipigia mtandao uliporudi, anacheka huku analia, shoga yani nimekuja Marekani kuchota maji ya mtoni nimwage chooni, si bora ningebaki zangu Tabata na madumu yangu. Maji ya kunywa yalirudi bombani tarehe 18 Novemba, siku 53 jamani.

Mimi niko Charlotte, nikaanza kuchimba hayo mabomba ni ya nani hasa, ndo nikaangukia kesi moja tamu sana.

Mwaka 2013 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba mfumo wote wa maji wa Asheville ukabidhiwe kwa mamlaka ya majitaka ya kaunti ya Buncombe, jiji lisilipwe hata senti. Sasa uhondo uko hapa, ndani ya sheria neno Asheville hamna. Wameweka vigezo tu, uwe mfumo wa manispaa, uwe kwenye kaunti yenye mamlaka ya majitaka, usiwe na kibali cha kuhamisha maji toka bonde moja la mto kwenda lingine, ukichekecha jimbo zima anabaki mmoja. Ni kama mama mwenye nyumba aseme sina ugomvi na mpangaji yeyote, ila mwenye pikipiki nyekundu na jogoo asiye na mkia ahame mwisho wa mwezi.

Jiji likaenda mahakamani. Mi nilidhani kesi itabebwa na fidia, umechukua mali yangu nilipe, na hoja hiyo ilikuwepo, kumbe iliyobeba ni kifungu cha katiba ya jimbo cha tangu 1917, kinachokataza bunge kutunga sheria ya sehemu moja inayohusu afya na usafi. Jaji Howard Manning akawapa jiji ushindi 2014. Mahakama ya rufaa 2015 ikapindua, eti sheria hii haihusu afya, inahusu nani ataongoza chombo cha maji basi. Hapo nilirudia kusoma. Maji ya kunywa na majitaka sio afya?? Aliyewahi kukaa mtaa ulioingiwa na kipindupindu haandiki hivyo.

Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikarudisha ushindi kwa jiji, majaji 5 kwa 2, sheria ni ya sehemu moja na inagusa afya na usafi, batili. Fidia hata hawakufika huko.

Ila nisiwe mnafiki, watu wa nje ya mipaka ya jiji nao wana lao. Wananunua maji ya jiji na hawampigii kura diwani hata mmoja wa jiji, na huo ugomvi wa bei ni wa kale, kuna sheria ya 1933 inayoizuia Asheville kuwatoza wa nje zaidi ya wa ndani. Wangeleta sheria ya jimbo zima ya kuwapa wateja wa nje viti kwenye maamuzi ningewaunga mkono kabisa, lakini sio hii ya jogoo asiye na mkia.

Nikamsimulia shoga yangu yote hayo kwenye simu, akasikiliza weee mpaka mwisho.

"Kwa hiyo bili naendelea kulipa kulekule?"

Kulekule, nikamwambia.