Klarineti imeninyoosha

Miaka minne napuliza saksofoni kwenye bendi ya kanisa, nikajiona fundi. Juzi nikaazima klarineti. Zote zina kipande kimoja cha tete mdomoni, nikasema kazi ni ileile. Wapi! Kwenye saksofoni nikibonyeza kitufe cha oktava, sauti inapanda oktava moja (noti ileile, hatua nane juu), vidole palepale. Klarineti, kwa kitufe kama hicho, ikaruka mpaka noti ya 12 kwenda juu! Wimbo ukageuka kilio, mke wangu akaja mbio kuuliza kuna nini.

Kumbe siri iko kwenye tundu la ndani. La saksofoni ni kama faneli ndefu, linapanuka toka mdomoni hadi chini. La klarineti limenyooka, karibu upana mmoja, na upande wa mdomo ni kama umezibwa. Bomba la hivyo hubeba zaidi mawimbi ya namba witiri, yaani yanayotetema mara 1, 3, 5 ya noti ya chini; mara 2, ambayo ndiyo oktava, inarukwa, na mara 3 ndiyo ile noti ya 12. Ndiyo maana pia noti za chini zina ule uzito wa giza, na zinashuka sana ingawa bomba lenyewe fupi.

Wengi hudhani tofauti ni mbao na shaba. Hii yangu ya kuazima ni plastiki tupu, na bado ni klarineti kabisa.

Sasa najifunza vidole upya. Usiku, mlango umefungwa.