Tiba ya Sindano Ilivyonisaidia Kukabiliana na Maumivu ya Kiuno
Nilipokuwa mwanafunzi mjini Nanjing, China, nilisumbuliwa na maumivu ya kiuno yaliyozidi wakati wa baridi. Kabla ya kwenda hospitali ya tiba ya jadi kwa ajili ya akupancha, yaani tiba ya sindano, nilipigwa kwanza eksirei katika hospitali ya kawaida, kwa kuwa sikutaka maumivu yatulizwe huku ugonjwa mwingine ukiendelea kujificha. Namshauri kila mgonjwa aanzie hapo.

Daktari hakukimbilia sindano. Aliutazama ulimi wangu, akapima mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili, akaniuliza kuhusu usingizi, choo na jinsi baridi inavyonidhuru. Mafundisho anayoyafuata, ambayo msingi wake umo katika Huangdi Neijing, kitabu chenye umri wa takriban miaka 2,000, yanasema kwamba nguvu ya uhai iitwayo qi hupita mwilini kwa njia maalumu, na kwamba inapokwama maumivu huzuka. Sayansi ya leo haijathibitisha kuwepo kwa njia hizo, na watafiti wengi huihusisha nafuu na mwitikio wa neva na ubongo pamoja na matumaini ya mgonjwa mwenyewe. Nami maelezo hayo yananiridhisha zaidi.

Nililala kifudifudi. Sindano nyembamba kama unywele, zilizofunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yangu, zilichomwa kiunoni na nyuma ya goti, kwenye sehemu iitwayo Weizhong, ambayo tangu zamani hutumiwa kutibu mgongo. Mchomo wenyewe ulikuwa mdogo. Kilichofuata ni uzito na ganzi iliyotambaa hadi kwenye shavu la mguu. Hali hiyo huitwa deqi, na ndiyo daktari anayoitafuta, kwa hiyo ilinibidi nijifunze kumweleza barabara ninachohisi, kwani uzito ulimwonyesha kwamba amefika, lakini maumivu makali ya kushtua yalimfanya airudishe sindano nyuma mara moja. Baadaye alinikanda kwa joto la majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyowashwa karibu na ngozi.

Nafuu ilikuja polepole, kwanza katika usingizi, kisha katika kuinama, nami niliendelea na mazoezi ya mgongo aliyonisisitizia. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwambie daktari mapema, maana zipo sehemu, kama Hegu iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambazo kwa desturi mjamzito hachomwi.