Nilivyolifufua trekta la bustani lililobaki kidogo liuzwe kwa kilo

Vijana wa chuma chakavu walikuwa wameshafika kwenye ile nyumba ya Msasani. Bei ya kilo walikuwa wamekubaliana, wanasubiri mkokoteni tu. Mimi nilikwenda kutengeneza pampu ya maji. Nyuma ya banda la kuku, chini ya mwembe, niliona usukani umechomoza kwenye turubai lililooza.

Mtunza bustani wa pale ni mzee aliyefanya kazi kwenye nyumba ile tangu ujana wake. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza ile ni nini. Akalivuta turubai taratibu, akaniambia ni trekta la kukatia majani, na aliyekuwa akiliendesha ni yeye.

"Mwanangu, hili halikuharibika. Liliachwa."

Nilimpigia simu mwenye nyumba palepale. Tukaelewana shilingi 400,000, zaidi ya walichotoa wale vijana, nao niliwapa ya soda kwa kupoteza safari yao.

Nilipofuta kibati cha namba nikasoma: Cub Cadet 100. Haya ni matrekta madogo ambayo kampuni ya Marekani ya International Harvester walianza kuyatoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Louisville, Kentucky, na model ya 100 ilitengenezwa kati ya 1963 na 1965. Injini yake ni Kohler ya silinda moja, nguvu ya farasi 10. Kilichonivuta ni gia boksi, ambayo asili yake ni trekta la shambani la Farmall Cub: chuma cha kumimina, kizito, na nguvu inafika nyuma kwa propela shafti, haipiti kwenye mkanda. Mashine nyingi za siku hizi za kukatia nyasi ukizigonga zinalia kama debe. Hili ukiligonga unaumia mkono.

Tulilipakia kwenye kirikuu vijana sita, tukavuka nalo kwa pantoni hadi Kigamboni. Kwenye foleni pale Magogoni watu walilizunguka, kila mmoja na swali lake. Mama mmoja aliuliza kama linalima mpunga.

Wiki mbili za mwanzo sikushika spana. Nilipiga picha kila waya na kila bolti, nikachora kwenye daftari. Nawasihi wote wanaotaka kuanza kazi hii wafanye hivyo, maana ukishafungua, baada ya miezi mitatu hukumbuki springi ipi ilikaa wapi, na Dar hakuna mwenzako mwenye trekta kama hilo wa kumchungulia.

Injini ilikuwa imeshika, haizunguki kabisa. Nilitoa silinda hedi, nikajaza juu ya pistoni oili ya gia boksi ya otomatiki iliyochanganywa na asetoni, nusu kwa nusu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naongeza kidogo, naweka kipande cha mninga juu ya pistoni, nakigonga kwa nyundo ndogo mara chache, naondoka. Siku ya tisa ilishuka upana wa ukucha. Jirani yangu alikuwa ananishauri nitumie mtaimbo. Pistoni ya aluminiamu ukiipiga kwa chuma inapasuka, kisha unabaki na vipande viwili vilivyoshika badala ya kimoja.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa kwetu huku pwani. Upepo wa chumvi unakula hata bati jipya. Vipande vidogo nilivisafisha kwa umeme: pipa la plastiki, maji, magadi ya sokoni, chaja ya betri. Waya hasi unaufunga kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye nondo, na viwili hivyo visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu inageuka tope jeusi, unaiondoa kwa brashi, unasuuza, unakausha na kupaka praima saa hiyohiyo, kwa sababu chuma kitupu Kigamboni hakilali usiku mmoja bila kubadilika rangi. Kazi hii ifanyike nje penye hewa, kwani yale mapovu yana gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na usitumie chuma cha pua badala ya nondo. Maji yake yanakuwa na sumu.

Sasa injini yenyewe. Kohler hii haina pampu ya oili. Chini ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti inayozunguka chini), kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha ndani, basi. Konrodi ni ya aluminiamu na inazunguka moja kwa moja juu ya kranki, bila zile beringi za vipande tulizozoea kwenye magari. Oili ikipungua, hapo ndipo panaungua kwanza. Yangu ilikuwa imeng'ata, na kranki iliyotakiwa kuwa na kipenyo cha inchi 1.5 ilikuwa imeliwa upande mmoja.

Hapa nilifanya kosa lililonigharimu mwezi mzima na pesa ambazo sikuwa nazo za kuchezea. Nilipapasa silinda kwa kidole, nikaona ni laini, nikaagiza Marekani pistoni iliyozidi ile ya kawaida kwa inchi 0.010, ikaletwa kwenye begi la ndugu aliyekuwa anarudi likizo. Nilipoipeleka mtaa wa Gerezani, hapa mjini, kwa mzee mmoja anayekereza vyuma, akaingiza mikrometa, akapima juu, katikati na chini, akatikisa kichwa. Vishimo vya kutu vilikuwa vimeingia ndani zaidi. Kuvimaliza kulihitaji pistoni ya 0.020.

"Kidole hakipimi, kijana wangu," aliniambia. "Niache nipime, halafu uagize. Na ikifika niletee, bila pistoni mkononi sichongi."

Niliagiza upya: pistoni ya 0.020 na ringi zake, pamoja na konrodi ya kranki iliyopunguzwa inchi 0.010. Alichonga silinda huku pistoni ikiwa mezani kwake, akaisaga kranki, na hakuna sehemu aliyokisia. Fundi wa namna ile ni wa kutunzwa. Kwenye kufunga nilihakikisha alama ya konrodi na ya kifuniko chake zinakutana, na zinaelekea upande wa flaiwili, kisha nikakaza kwa torki renchi.

Vingine vilipatikana hapahapa mjini kuliko nilivyotarajia. Bolti zake ni za inchi, na hizo ziko kwa wanaouza vipuri vya Land Rover za zamani. Rimu za mbele ni za inchi 8, tairi ya bajaji ya 4.00-8 ikakaa vizuri. Koili nilifunga ya gari, ya volti 12, ile isiyohitaji rezista ya nje. Platini, vile vigusio vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, nilizisafisha na kuziweka kwenye nafasi ya inchi 0.020, karibu nusu milimita. Rangi ya njano nilichanganyiwa Kariakoo kwa kufuata kipande kilichokuwa kimejificha chini ya betri, ambacho jua halikuwahi kukiona.

Kilichonisumbua mwishoni ni stata. Trekta hili lina kifaa kimoja kinachowasha injini na, ikishawaka, kinageuka jenereta ya kuchaji. Kilisukwa upya, kikawekwa kaboni mpya, lakini hakichaji. Nilikaribia kukirudisha kwa msukaji, kumbe kosa halikuwa lake. Jenereta ya aina hii ikishafunguliwa lazima ikumbushwe hasi na chanya: unagusisha waya mara moja tu kati ya sehemu za kufungia waya zilizoandikwa BAT (betri) na GEN (jenereta) kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji, panatoa cheche ndogo, kabla ya kuwasha. Nilifanya hivyo na mshale wa ampea ukasogea.

Liliwaka Jumamosi moja jioni. Jumapili nikamfuata yule mzee wa Msasani, tukavuka naye. Alilitazama kwa muda mrefu bila neno, akapitisha kiganja kwenye boneti. Kisha akapanda, akavuta choki, akairudisha nusu kabla sijafungua mdomo, akawasha. Alizunguka uwanja mara tatu kwa gia ya kwanza, kofia mkononi. Aliposhuka aliniambia klachi inakamata juu mno. Ni kweli, nikairekebisha siku ileile.

Bado sinia la visu, sehemu ya chini inayokata majani. Spindo zake tatu, shafti zinazozungusha visu, zimeshika na bati la chini limetoboka mahali pawili. Beringi nimeshazipata, na mchomeleaji ameniahidi wiki ijayo.