Kabla Hujaifungua Stata, Pima Umeme Ikiwa Kazini

Gari likigoma kuzunguka, wa kwanza kulaumiwa ni stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, na mara nyingi haina kosa. Inafunguliwa, inafungwa nyingine, na gari linaendelea kugoma kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye betri au waya wa arthi, ule unaounganisha nguzo hasi ya betri na bodi ya gari na injini. Ili kuepuka hasara hiyo unahitaji multimeta (mita ya kupimia umeme) na mtu wa pili wa kuzungusha ufunguo. Weka gia nyutro au P, vuta handibreki, kisha chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake wakati unapima. Usizungushe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, maana stata hupata moto haraka. Ipumzishe dakika moja au mbili kila mara.

Anza na masikio. Mlio wa tik-tik-tik wa haraka karibu kila mara ni umeme mdogo: solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Mlio mmoja mzito kisha kimya unaonyesha solenoidi imevuta lakini mota haizunguki. Kimya kabisa, tafuta upande wa rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na swichi ya ufunguo. Stata ikilia kwa kasi huku injini imetulia, pinioni, gia ndogo ya stata, haishiki meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Na injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, achana na stata kabisa; angalia mafuta na moto wa plagi.

Sasa betri. Ikiwa imekaa saa kadhaa bila kazi, volti 12.6 ni imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Chini ya 12.4, ichaji kwanza, kwa sababu vipimo vinavyofuata havitaaminika. Kisha pima huku stata ikizungusha: katika hali ya hewa ya joto la kawaida volti zisishuke chini ya 9.6. Betri inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imetulia, ikaanguka hadi 6 ikipewa kazi. Hapo jaribu na betri nyingine nzima. Nayo ikianguka vilevile, stata inavuta umeme kupita kiasi, au injini yenyewe imekaza.

Kipimo kinachorukwa zaidi ni cha volti zinazopotea njiani, nacho ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse nguzo chanya ya betri, nguzo yenyewe wala si kishikio chake, na ncha nyeusi iguse bolti kubwa ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzako azungushe ufunguo. Ikizidi volti 0.5, waya huo au viungo vyake vina kutu, vimelegea, au nyuzi zimekatika ndani. Rudia upande wa arthi: ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye bodi ya stata. Hapo isizidi 0.3.

Kwa nini usipime tu ohmu za waya? Kwa sababu stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150, na kwa ampea hizo ukinzani wa ohmu 0.01 pekee unakula volti 1.5. Mita ya kawaida haiioni ohmu 0.01. Waya uliobaki na nyuzi chache utaonyesha mzima, na hata volti 12 utazipata mwisho wake, hadi uudai kazi.

Pima pia waya mwembamba wa solenoidi, ule wa namba 50 unaoiamuru solenoidi ivute, ufunguo ukiwa umezungushwa. Kama hakuna umeme, fuata fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Badilisha rilei na nyingine ya namba ileile. Kwa gari la otomatiki, jaribu N badala ya P, kwa sababu swichi ya gia huchoka. Kwa gari la gia za mkono, angalia swichi ya pedali ya klachi.

Umeme ukifika vizuri kwenye bolti kubwa na kwenye namba 50, na arthi ni safi, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya krankishafti, shafti kuu ya injini. Ikizunguka, basi stata ndiyo mbovu. Ikiwa huamka ikigongwa taratibu, shuku kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota) zilizokwisha; ikiwa ni mlio mmoja tu mzito, tazama vigusio vya shaba ndani ya solenoidi. Kwa stata nyingi vitu hivyo hubadilishwa peke yake.

Toa waya hasi wa betri kabla ya kuishusha. Waya mnene wa stata katika magari mengi hauna fyuzi na una umeme hata ufunguo ukiwa umezimwa. Stata ikishatoka, zungusha injini kwa mkono ukikagua meno ya flaiwili mzunguko mzima, kwa kuwa injini huzoea kusimama sehemu zilezile chache, na meno ya hapo ndiyo huliwa kwanza.