Babu na ngonjera pale Nyerere Square

Mwaka niliokuwa kidato cha pili, babu alikuja Dodoma mjini kutoka Hombolo akaniomba nimpeleke Nyerere Square. Alitaka kuiona sanamu ya Mwalimu, basi.

Tulipofika alivua kofia, akasimama kimya kitambo.

"Huyu naye mshairi, mjukuu wangu. Shakespeare kamtia kwenye Kiswahili. Ila mshairi wetu hasa ni Mnyampala."

Jina nilikuwa nalo, la darasani. Lakini Mathias Mnyampala nilikuwa nimeshampeleka Pwani zamani, maana kwangu ushairi ulikuwa wa Tanga, Mombasa na Lamu. Sisi wa Ugogo tuna zeze na marimba.

"Pwani gani? Mgogo huyo! Kazaliwa Ihumwa hapo, 1917. Kachunga ng'ombe kama mimi."

Tukakaa kivulini, akanieleza. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliwaomba washairi walifikishe kwa wananchi, na Mnyampala akaja na ngonjera: watu wawili wanasimama mbele ya watu, wanabishana kwa beti, huyu anapinga, yule anamjibu, hadi waafikiane. Alifariki 1969, vitabu vyake vya ngonjera vikatoka yeye hayupo. Babu alizikuta shuleni miaka ya sabini, akapewa upande wa mpinzani. Hilo alilisema kwa fahari kubwa.

"Na yeye sanamu yake iko wapi, babu?"

Hakunijibu. Alinikabidhi fimbo yake, akainuka, akaanza kughani. Nilimwangalia mkono. Kidole gumba kilikuwa kinapita kwenye pingili za vidole, pingili moja kwa kila mizani, yaani kila silabi. Ya nane ikifika kinatua, anavuta pumzi, kinaanza tena nane nyingine. Mkono ule ulioshika jembe maisha yake yote haukukosea hata mara moja. Mimi mizani nilikuwa nazihesabu kwa penseli, na bado nazikosa.

Ubeti wa tatu ulipoisha akanyamaza, kwa kuwa zamu ilikuwa ya mwenzake. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama. Ndipo mama mmoja wa makamo yake, aliyekuwa akiuza zabibu, alipotua sinia chini, akajifuta mikono kwenye kanga na kumjibu. Alikumbuka mistari miwili tu, mingine ikamtoka.

"Mbukwa, dada," babu akamsalimu kwa Kigogo. "Ulisoma wapi?"

Wakaanza kuitafuta pamoja ile mistari iliyobaki.