Ninavyopanga hatari ya mabomba ya gesi ya plastiki yaliyozeeka

Ushauri niliochoka kuusikia ni kwamba mabomba yapangwe kwa umri, ya zamani zaidi yang'olewe kwanza. Kwa polietilini, plastiki ya mabomba haya, umri peke yake unapotosha. Nikipewa orodha ya mtandao wa gesi huku Marekani, naanza na nani alilitengeneza bomba, na lini. Aldyl A, aina ya bomba la polietilini la kampuni ya DuPont, iliyotengenezwa kati ya 1970 na mwanzoni mwa 1972 naipandisha juu kabisa: sehemu yake iliungua kiwandani kwa joto lililozidi, ngozi ya ndani ikawa kavu, haivutiki.

Shida ni kwamba kumbukumbu nyingi zimeandika "plastiki" basi, na maandishi ya ubavuni yameshafutika. Kwa hiyo shimo lolote likichimbwa na bomba likakatwa, nataka kipande. Kuchimba shimo kwa ajili ya kupima bomba tu ni maelfu ya dola; kipande cha bure kinataka msumeno na jiliwa tu. Kata ukanda kwa urefu wa bomba, vaa miwani, kisha ukunje kinyumenyume, ukuta wa ndani ukae upande wa nje wa mkunjo. Plastiki nzima huvutika tu. Ile mbovu huchanika vijiufa vingi juujuu, kama tope lililokaukia jua. Usiukunje kwa upande wake wa kawaida: ngozi ya ndani itabanwa badala ya kuvutwa, nawe utalipitisha bomba bovu.

Bomba hili halipasuki kwa presha tu. Ufa huanzia ndani, mahali jiwe linapolibonyeza au linapopindishwa kwenye kiungo, ukakua polepole kwa miaka bila bomba kuvimba. Waterloo, Iowa, Oktoba 1994, watu 6 walikufa: udongo ulitulia, ukalipinda bomba jembamba la plastiki la kampuni ya Century pale lilipoungana na bomba kuu la chuma. Ndiyo maana viungo vya plastiki na chuma navipa alama zake za hatari, mbali na mabomba marefu yaliyonyooka, na nauliza mfereji ulijaziwa nini, mchanga au kifusi.

Kila mahali bomba lilipobanwa kwa koleo kuzuia gesi huwa na jeraha. Libanwe mbali na kiungo, angalau kipenyo mara 3 au sentimita 30, ipi ndefu. Liachiwe taratibu, na lisibanwe tena hapo hapo. Kwenye Aldyl A ya zamani, nikiona jeraha hilo nataka kipande kile kikatwe.

Joto ndilo wengi hulisahau. Maabara hupima ukuaji wa ufa kwenye nyuzi 80 za Selsiasi kwa sababu joto huuharakisha. West Reading, Pennsylvania, 24 Machi 2023, kiwanda cha chokoleti kililipuka, watu 7 wakafa. Tii (kiungo chenye umbo la T) ya Aldyl A ya 1982 ilikuwa imeachwa kutumika lakini ingali na gesi, na bomba la mvuke lililotoboka jirani lilikuwa linaichemshia udongo. Naweka ramani ya mvuke juu ya ramani ya gesi, na tii zote zilizostaafishwa nazirudisha kwenye orodha. Iliyo karibu na mvuke, chini ya lami, kando ya jengo lenye chumba cha chini ya ardhi, hiyo haingojei bajeti ya mwaka ujao: inatenganishwa kabisa na bomba kuu.