Ukiruka wimbo, umeruka kisa

Watazamaji wengi wa picha za Kihindi siku hizi wana kidole chepesi. Wimbo ukianza tu, picha inapelekwa mbele. Vibandani nako mtafsiri hutumia muda wa wimbo kupumzisha koo na kusalimia wateja, na zipo nakala zinazozunguka mitaani ambazo nyimbo zimeshanyofolewa. Kisha yanafuata malalamiko yale yale: picha haieleweki, hawa wawili juzi walikuwa hawasemezani, leo wanaliliana. Haieleweki kwa sababu kipande kilichoeleza hakikuangaliwa. Ninaamini mwongozaji mzuri wa Kihindi huweka kwenye wimbo mambo ambayo hakuyaweka kwingine kokote, na nitaonyesha wapi. Nitasema pia picha kubwa ambayo nyimbo zake hazina kazi.

Nianze na Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975. Wengi wanaihesabu kuwa picha ya bunduki na farasi iliyobandikwa nyimbo za kuchangamsha tu. Muziki wake ni wa R. D. Burman. Chukua wimbo wa mwanzo, Yeh Dosti, ule wa marafiki wawili wahuni, Veeru na Jai, kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni. Katikati ya wimbo kile kigari kinachomoka, kinakwenda zake peke yake, halafu kinarudi na kujishika tena kwenye pikipiki. Watu wanacheka, na ni haki yao, lakini hapo picha nzima imeshasimuliwa: hawa watu wataachana. Sasa sikiliza sauti. Kishore Kumar anamwimbia Veeru, Manna Dey anamwimbia Jai. Saa tatu baadaye Jai amelala mikononi mwa rafiki yake na wimbo ule ule unarudi polepole, safari hii Kishore yuko peke yake. Sauti ya pili haipo. Hakuna mtu anayekwambia kwamba Veeru amebaki mpweke, unalisikia pengo. Aliyeruka wimbo wa kwanza hawezi kulisikia, kwake huo ni wimbo wa huzuni kama nyimbo nyingine za huzuni.

Wimbo wa Holi ni hivyo hivyo. Kijiji kizima kinarushiana rangi, Basanti na Veeru wanacheza, na pembeni yuko Radha, mjane aliyevaa nyeupe, ambaye rangi haimhusu tena. Jai anamwona. Mapenzi yao yote yamejengwa kwa kutazamana, kwa sababu mila haiwaruhusu kusemezana. Baadaye Jai anapiga kinanda cha mdomo jioni huku Radha akizima taa moja baada ya nyingine ghorofani. Mpiga picha Dwarka Divecha alitaka mwanga halisi wa magharibi, na mwanga huo hukaa dakika chache tu kila siku, kwa hiyo vipande hivyo vifupi vilipigwa kwa siku nyingi. Sherehe ile ya Holi inakatizwa na uvamizi wa watu wa jambazi Gabbar, damu inaingia mahali palipokuwa na rangi. Katika vurugu hiyo Jai na Veeru wanabanwa, bunduki iko miguuni pa Thakur, bwana aliyewaajiri, naye haiokoti. Wanamgeukia kwa hasira, na hapo ndipo tunapojua kwamba chini ya ile shali hakuna mikono, Gabbar aliikata. Ondoa Holi, na siri kubwa ya picha inakuangukia bila maandalizi.

Mehbooba Mehbooba, ambao Helen anaucheza kambini kwa majambazi na R. D. Burman mwenyewe ameuimba, una kazi ya kivita: ngoma inawashughulisha majambazi wakati Jai na Veeru wananyemelea kulipua silaha zao. Na Jab Tak Hai Jaan ndio mkali kuliko zote. Gabbar ameweka sharti kwamba Veeru ataendelea kupumua mradi miguu ya Basanti inaendelea kwenda, kisha chupa zinavunjwa chini ya nyayo zake. Wimbo huo ni mateso yanayotendeka mbele yako, na kuuruka ni sawa na kuruka pambano. Katika Sholay yote ningekubali kuachana na mmoja tu, ule wa Koi Haseena wa kwenye gari la farasi. Unapendeza, lakini haubadilishi kitu.

Miaka 18 kabla ya hapo Mehboob Khan alitoa Mother India (1957), na Naushad ndiye aliyeupika muziki. Wimbo wa harusi unaomsindikiza Radha, mhusika mkuu (si yule wa Sholay), kwa mumewe, kwa sauti ya Shamshad Begum, mtu anaweza kudhani ni pambo la mwanzo. Angalia kinachofuata. Mama mkwe alikopa rupia 500 kwa mkopeshaji Sukhilala kugharimia harusi hiyo hiyo. Hajui kusoma, shauri linapelekwa kwa wazee, nao wanampa ushindi Sukhilala: robo tatu ya mavuno iende kulipa riba, deni lenyewe libaki pale pale. Kwa hiyo ile furaha iliyoimbwa ndiyo iliyozaa njaa ya picha nzima. Kanhaiyalal anayemcheza Sukhilala alishamcheza mtu huyo huyo katika Aurat ya 1940, picha ya Mehboob huyo huyo ambayo Mother India imeirudia, na uzoefu huo unaonekana: hapandishi sauti, anainama, anatabasamu, anafungua daftari.

Halafu mafuriko. Watu wanahama, Radha amesimama kwenye tope na kuwaimbia wasiondoke, O Jaanewalo Jao Na, nao wanageuka. Wanaosema haiwezekani kijiji kibadili mawazo kwa wimbo wanasahau jinsi watu wa kwetu wanavyoshikwa kwenye maulidi, kanisani, au kwenye taarabu pale mwimbaji anapopiga penyewe. Kasoro ya picha hii kwangu iko katika mtoto wa kwanza, Ramu. Sunil Dutt amepewa moto wote kama Birju, mdogo wake, na Rajendra Kumar amebaki kuwa mtoto mwema wa kujaza nafasi. Hivyo Radha anapomwelekezea Birju bunduki, mizani ya upande wa pili ni nyepesi. Nargis, anayemcheza Radha, ndiye anayeliokoa tukio hilo, kwa uso wake tu.

Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Aditya Chopra (1995) inafahamika hata kwa wasioangalia picha za Kihindi, kwa hiyo nitaisemea mambo mawili. La kwanza ni Mehndi Laga Ke Rakhna. Kwa mtu wa pwani wimbo huu hauhitaji tafsiri, ni shughuli ya hina. Kijana Raj anamchombeza Simran, bibi harusi wa mtu mwingine, mbele ya baba yake, shangazi zake na bwana harusi mwenyewe, na wote wanampigia makofi kwa sababu ni wimbo. Angeyasema kwa maneno ya kawaida wangemtoa nje. La pili ni mama, Lajjo, anayechezwa na Farida Jalal. Kwanza anamwomba binti yake amsahau Raj, akikiri kwamba alijiapia binti yake asije akajinyima kama alivyojinyima yeye, na ahadi hiyo imemshinda. Baadaye analeta vito vyake na kuwaambia watoroke. Raj anakataa, anataka ridhaa ya baba. Wanaolea mabinti Ulaya au Marekani huku roho ziko Unguja au Mombasa watamwelewa yule baba kuliko wanavyotaka kukiri. Ila kuna tukio halijazeeka vizuri hata kidogo: asubuhi ile Uswisi ambapo Raj anamfanya Simran aamini kwamba alipokuwa amelewa wamefanya jambo. Simran analia, na ndipo anaambiwa ulikuwa mzaha. Hilo ni doa kwa kijana ambaye sifa yake yote ni adabu.

Lagaan ya Ashutosh Gowariker (2001) ina dakika 224, na bado nasema usiruke. A. R. Rahman ameupanga muziki kama hatua za safari. Katika Ghanan Ghanan wanakijiji wanayaona mawingu, wanacheza, wanainua nyuso juu, na wimbo unakwisha mawingu yakipita bila tone. Ukame umeelezwa, na sababu ya kwenda kuomba msamaha wa kodi imeelezwa. Kwenye Mitwa kijana Bhuvan anaanza na wachache na kumaliza na wengi. O Paalanhaare ni dua ya usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mechi ya kriketi dhidi ya Waingereza wanaotoza kodi hiyo. Ukizipita hizi, mechi inabaki mchezo wa watu usiowajua.

Na mechi yenyewe imeandikwa na mtu anayeujua mchezo wa kriketi. Kachra, kijana wa tabaka lililotengwa, ana mkono uliolemaa unaoufanya mpira uzunguke ajabu ukidunda. Siku ya kwanza wanampa mpira na hauzunguki, anapigwa ovyo. Sababu ni kwamba mpira ni mpya, ungali laini na haujachakaa, hivyo hauikamati ardhi. Siku ya pili umeshapigwa na kukwaruzika, na yule yule Kachra anawatoa wachezaji watatu mfululizo. Hakuna muujiza hapo, ni ngozi ya mpira. Kinachoniudhi ni Elizabeth. Kuwafundisha wanakijiji mchezo kwa siri kunatosha, ni jambo kubwa kwa dada wa kapteni wa Waingereza. Kumpa pia mapenzi na nafasi yake katika O Rey Chhori kunaongeza dakika bila kuongeza uzito, maana tangu mwanzo tunajua Bhuvan ni wa Gauri.

Sasa ile picha niliyosema. Deewaar ya Yash Chopra ilitoka Januari 1975, mwaka mmoja na Sholay, waandishi ni wale wale, Salim Khan na Javed Akhtar, na muziki ni wa R. D. Burman tena. Lakini nguvu yake yote iko kwenye maneno na vitu vidogo. Kuna maandishi kwenye mkono wa Vijay, mhusika mkuu, yanayosema baba yake ni mwizi. Kuna ghala ambamo anawasubiri wabaya wake, anafunga mlango kwa ndani na kumrushia mkubwa wao ufunguo, akimwambia atautoa mfukoni mwake. Kuna kibati chake cha bandarini chenye namba 786, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanaijua bila kuelezwa kuwa ni hesabu ya herufi za Bismillahi: kinapokea risasi mara ya kwanza, na siku kinapodondoka, risasi ya mdogo wake inampata. Nyimbo za mapenzi wamepewa Ravi, huyo mdogo wake, na mchumba wake, wakati maumivu ni ya Vijay. Kila zinapoanza kisa kinasimama kungojea ziishe. Hapa kidole kikisogea sitagombana na mtu.

Dangal ya Nitesh Tiwari (2016), kisa cha baba anayewafundisha binti zake mieleka, imeichukua njia nyingine: wahusika hawaimbi, nyimbo zinapita nyuma ya picha. Haanikaarak Bapu ni shitaka la watoto dhidi ya baba, kuamshwa alfajiri, kunyimwa achari, na ndani ya dakika hizo mazoezi ya miezi mingi yamekwisha. Bila wimbo huo ukali wa baba ungechukiza. Mwisho una tukio moja zuri sana: binti Geeta yuko nyuma 1 kwa 5, sekunde zinayoyoma, na mtupo wa pointi tano unafanya 6 kwa 5. Lakini kumfungia baba chumbani wakati wa fainali ni chumvi isiyo na lazima. Geeta Phogat halisi alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi mwaka 2010 bila kubanwa hivyo, na picha ilikuwa na uzito wa kutosha kabla ya kubuni kocha mwenye roho mbaya.

Andhadhun ya Sriram Raghavan (2018) inathibitisha hoja kwa wimbo usio na mwimbaji. Mpiga piano anayejifanya kipofu anapiga kinanda sebuleni, na nyuma yake mke na hawara wake wanaondoa maiti ya mume na kufuta damu, kwa ishara tu, ili asiwasikie. Mazungumzo hakuna. Unasikia piano, na unatafuta kama vidole vyake vitatetemeka.

Basi kabla ya kuangalia, kagua urefu wa nakala. Mother India ni dakika 172, Dilwale 189, Sholay kamili 204, Lagaan 224, Dangal 161. Upungufu mdogo usikutishe: diski zilizotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde huendesha filamu ya picha 24 kwa kasi zaidi, hivyo Lagaan inakuwa dakika 215 bila kukatwa kitu, na sauti za waimbaji zinapanda kidogo. Ikipungua dakika 30, nyimbo zimekwenda. Angalia pia tafsiri ya maandishi kwenye wimbo wa kwanza. Wengine hutafsiri mazungumzo tu na kuuacha wimbo wazi, na kwa Lagaan hasara hiyo ni kubwa.

Kwa Sholay nenda moja kwa moja mwisho. Polisi wakifika na kumzuia Thakur, unayo nakala iliyobadilishwa kwa amri ya wadhibiti wa mwaka 1975, wakati India iko chini ya hali ya hatari. Gabbar akifa chini ya viatu vyenye misumari, ndivyo Sippy alivyoipiga, na nakala hiyo iliyokarabatiwa ilionyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Tafuta hiyo.